Kuhesabu Radi kwa Kadi ya Sauti ya Elfu Nane

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu ishirini na saba na mia tano. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili ndipo nikakumbuka vocha. Elfu nane ilikwenda kwenye kadi ya sauti, elfu saba kwenye waya wa shaba uliotolewa ndani ya mota iliyoungua, elfu nne kwenye kebo ya antena ya televisheni, elfu mbili na mia tano kwenye mbao na misumari, elfu tano kwenye vocha, na elfu moja nilimlipa mtu wa bodaboda apite barabarani bila kwenda popote. Hiyo ya mwisho nitaieleza, maana ukiisoma hivihivi utadhani nina hela za kuchezea.

Kadi ya sauti ni kidude kidogo kuliko kiberiti. Unakichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta, na upande wa pili kina matundu mawili: la hedifoni na la maikrofoni. Kompyuta yangu ya mtumba ilikuwa imekufa tundu lake la maikrofoni zamani, kwa hiyo nilikihitaji, lakini hilo sikumwambia muuzaji. Muuzaji hapaswi kujua unahitaji nini.

"Elfu kumi na tano, mwisho kabisa," alisema, pale sokoni Omurushaka, huku akikipangusa vumbi kwa shati.

"Mwisho kabisa hauji kwanza, kaka. Anza mwanzo."

"Wewe si ndiye yule muuza redio zinazokoroma? Leo umekuja kunifundisha bei?"

Ni kweli nauza redio za mitumba na chaja, meza ya tatu kutoka kwake. Nilimpa elfu sita, akanipa mgongo. Nikamwambia basi la Kyerwa linaondoka na mimi nimo. Nikapanda kweli, maana ukidanganya kwamba unaondoka lazima uondoke vizuri. Akanifuata dirishani, tukafungia elfu nane, konda akaniuliza nashukia wapi, nikamwambia hapahapa.

Sasa sababu. Dada yangu mkubwa na mimi tunakaa kwenye kibanja kimoja tulichoachiwa na wazazi, Nyakakika. Migomba tunagawana, kahawa ni yake. Msimu uliopita maganda yake, yaani kahawa isiyokobolewa, yalinyeshewa mara mbili yakiwa bado yako juani kwenye majamvi. Aliyakausha upya, akayapeleka ghalani kwa chama cha ushirika. Mpokeaji akazamisha mkono kwenye gunia, akanusa kiganja, akarudisha gunia. Akazamisha kwenye la pili, akanusa, akarudisha na lenyewe. Ukungu. Dada alirudi na magunia yaleyale kwenye baiskeli ileile, na kahawa ndiyo mwaka wake mzima. Ikirudishwa, mwaka umerudishwa.

Tatizo lake si uvivu. Shamba lake la maharage liko bondeni, nusu saa kwa miguu kutoka kwenye majamvi. Hesabu yangu ikawa fupi: anayetaka kumsaidia ampe nusu saa ya kupanda kilima na robo saa ya kuanua. Mawingu ya kwetu hayatoi robo tatu ya saa kwa mtu. Yanachungulia nyuma ya kilima yakiwa yameshaanza kudondosha.

Mimi nakaa na redio siku nzima, kwa hiyo jambo moja nilikuwa nalijua bila kufundishwa: kabla mvua haijafika, redio ya masafa ya kati huanza kutoa mikwaruzo. Krrk. Kimya. Krrk krrk. Kila mkwaruzo ni radi iliyopiga mahali, pengine mbali sana, pengine jua linawaka hapa ulipo. Ila redio haikuambii zimekuwa ngapi, wala kama zinakuja au zinakwenda. Nikasoma kwenye simu, nikasoma tena, mpaka nikaelewa kwamba tundu la maikrofoni halijui maana ya sauti. Linachojua ni umeme mdogo unaopanda na kushuka haraka, na kompyuta huandika huko kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa kila sekunde. Maikrofoni ni kitu kimoja tu kinachotoa umeme wa namna hiyo. Koili ya waya ni kingine. Radi ikipiga, hata ng'ambo ya wilaya, koili inashtuka kidogo sana, na kidude cha elfu nane kinauona mshtuko huo. Vyombo vya maabara vya kazi hiyo vinauzwa kwa bei ya ng'ombe. Mimi nilikuwa na kitu ambacho bei yake haifikii hata ya kuku mzima. Nilishindwa kula mchana ule kwa furaha, nami si mtu wa kuacha chakula kilicholipiwa.

Nikagongelea mbao mbili zikawa msalaba, kila moja urefu wa mita moja, nikazungushia waya wa shaba pembeni mpaka ukaisha. Ncha mbili za waya nikaziunga kwenye kebo, kebo kwenye kadi, katikati nikaweka kapasita niliyoing'oa kwenye redio mbovu, ili umeme wa kadi usirudi kwenye koili. Nikausimamisha mtambo sebuleni, nikavaa hedifoni.

Mmmmmmm.

Ndicho pekee nilichosikia. Umeme wa nyumba, waya za ukutani, chaja ya kompyuta, vyote vinaimba wimbo mmoja. Nilichomoa chaja, sauti ikapungua. Nilizima taa, ikapungua tena. Lakini ilibaki mvumo kama wa nyuki ndani ya debe. Dada akaingia kutoka jikoni, akautazama ule msalaba wa waya juu ya kochi.

"Hiki ni nini?"

"Cha kusikilizia radi, dada."

Kwetu radi ni enkuba, na enkuba haitajwitajwi ndani ya nyumba kama jina la jirani. Mvua ikianza kunguruma dada hufunika kioo, huzima simu, na huondoa nguo nyekundu kambani.

"Unaiita enkuba nyumbani kwangu?"

"Siiiti. Naisikiliza tu."

"Na yenyewe ikikusikia?" Alishika ufagio, si kwa kunipiga, kwa kujipa uzito. "Mdogo wangu, hicho kitoke. Kipeleke huko mwisho wa kibanja. Ikija, ichukue mgomba."

Nilibishana kwa dakika kadhaa kwa sababu ndiyo desturi yangu, kisha nikaubeba mtambo hadi mwisho kabisa wa kibanja, ukingoni mwa barabara, nikauning'iniza kwa kamba kati ya migomba miwili. Kebo ikavutwa hadi kwenye kibanda cha zamani cha ndama, ambako niliweka kompyuta juu ya kreti ya soda, ikitumia betri yake tu. Nikavaa hedifoni nikiwa na hasira. Hasira haikudumu. Mvumo ulikuwa umebaki kule kwenye waya za nyumba. Huku kulikuwa na utulivu, na ndani ya utulivu huo: tk. Kimya kirefu. Tk-tk. Kisha kama mtu anayekunja karatasi kavu, krrrsh, na kwenye kioo cha kompyuta mstari uliokuwa umelala ukaruka juu kama panzi.

Nikatoka nje kutazama mbingu. Bluu tupu, hata wingu la kusingizia hakuna.

Nilikuwa na mteja mmoja, mzee mfugaji wa Songambele, huko Kyerwa, wilaya jirani, ambaye nilimuuzia redio. Anakaa na ng'ombe kwenye uwanda, anaona mbali kuliko sisi tunaoishi ndani ya migomba. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepiga kuhusu ile redio? Bado inakoroma."

"Hapana, mzee. Nauliza, huko kwenu kuna radi?"

Nikasikia ng'ombe, kisha sauti yake. "Kuna wingu jeusi upande wa Rwanda. Linamulika. Nani amekuambia?"

"Kompyuta."

"Basi hiyo kompyuta niuzie mimi, hii redio uchukue."

Nilirukaruka kwenye kibanda cha ndama mpaka nikagonga kichwa kwenye boriti. Mtu mzima, mwenye meza sokoni. Krrrsh, nampigia mzee, mzee anasema imemulika. Nikauzungusha msalaba taratibu: ubavu wake ukielekea Kyerwa mikwaruzo inakuwa mikubwa, ukigeukia pembeni inafifia. Haukuweza kuniambia kama radi iko mbele au nyuma ya mtambo, lakini kwa hilo nilikuwa na mzee na vocha.

Kuna programu ya bure ya kurekodi sauti inayoonyesha mstari huo. Nikaongezea nyingine fupi, niliyoipata mtandaoni nikaibadilisha, ya kuhesabu mistari mirefu tu kila dakika. Siku tulivu ilisoma tatu, nne. Mvua ikiwa njiani ilipanda kumi, kumi na tano, ishirini na tano. Kwa siku kadhaa niliandika namba na saa ambayo tone la kwanza lilidondoka, na ikaonekana kwamba ikivuka thelathini bado tunayo karibu saa moja, basi nikaiagiza kompyuta ipige kelele hapo. Nikamweleza dada makubaliano: ikifika thelathini nakupigia, unapanda kilima, tunaanua. Siku za gulio, mimi nikiwa Omurushaka, yeye haendi bondeni.

"Na ukikosea?"

"Haikosei. Ni hesabu."

Hilo neno lilinirudia Jumamosi. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kuunguza kisigino, maganda yanakauka vizuri mpaka unayasikia yakigongana ukiyapekua kwa mguu. Mimi nakula ndizi na maharage mlangoni mwa kibanda. Kompyuta ikapiga kelele. Nikatazama: arobaini. Nikatazama tena: mia na kumi. Mia mbili na kitu. Sijawahi kuona namba kama ile, na kwa akili yangu mvua ya kuzamisha kijiji ilikuwa juu yetu. Nikampigia dada, nikapiga kelele kwa majirani, wanawake wanne wakatoka mbio na magunia, tukaanua kama watu wanaokimbia vita. Dada alifika anahema, kanga imejaa matope ya bondeni.

Tukiwa tumefunga gunia la mwisho, barabara ikajaa honi. Bodaboda ishirini na zaidi, zimefungwa matawi na maputo, zinamsindikiza bibi harusi kwenda kanisani. Zilikuwa zimesimama hapo chini kusubiri gari lake, injini zinanguruma. Kila plagi ya pikipiki hutoa cheche, na kila cheche ni radi ndogo. Nami nilikuwa nimeufunga mtambo hatua chache kutoka barabarani.

Bibi harusi alitupungia mkono. Jirani mmoja akampungia naye, akiwa amekalia gunia.

"Waitu, ndugu yangu," akaniambia, "enkuba yako imevaa shela."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada hakucheka. Alifungua gunia moja, akamwaga maganda upya kwenye jamvi, peke yake, taratibu.

"Jua la leo umenilia," alisema. "Ukinipigia tena, sijui kama nitapanda."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kuchekwa nimezoea, nauza redio. Lakini dada asipopanda, mtambo wote huo ni waya uliozungushiwa mbao, na mwisho wa mwezi wa nane mvua zinaanza kujaribu kila mchana.

Jumatatu nikamwita mtu wa bodaboda anayeegesha kwenye njia panda.

"Nataka upite hapa, urudi, upite tena. Mara kumi."

"Nikupeleke wapi?"

"Popote usinipeleke. Pita tu."

"Kwa hiyo unanilipa nisifike," alisema. "Elfu tatu. Kutokufika ni kazi ngumu."

Tukaelewana elfu moja, kwa sharti kwamba akipata abiria anaondoka naye. Alipita mara saba, na ya nane akapata abiria. Zilitosha. Nilirefusha picha ya mstari kwenye kompyuta, nikaona kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Cheche za pikipiki zimepangana kama mshono wa cherehani, pengo, pengo, pengo, sawasawa. Akiongeza mafuta mshono unakuwa wa karibu, akipunguza unalegea, lakini unabaki mshono. Radi haina mpangilio huo. Inakuja moja, kimya, tatu za haraka, kimya kirefu, mbili. Radi inapiga inavyotaka. Kwa hiyo nikaiambia programu: ukiona mistari iliyofuatana kwa pengo moja zaidi ya mara nne, usiihesabu. Nikazirudia rekodi zote za siku zilizopita, ile ya harusi nayo ikiwamo. Ile mia mbili na kitu ya bodaboda ikashuka ikawa tano. Na hizo tano, nilipompigia mzee wa Songambele kuuliza, akakumbuka kwamba Jumamosi ile kulikuwa na radi ya mbali sana, huku akiulizia redio.

Nilikuwa na furaha isiyo na mtu wa kuishiriki. Dada alisikiliza maelezo yangu yote ya mshono na mapengo, kisha akaniomba nimpishe achukue kuni.

Siku yenyewe ilikuja Alhamisi. Mbingu safi. Saa sita na nusu kompyuta ikasoma kumi na mbili. Ishirini. Nikazungusha msalaba: upande wa Kyerwa. Nikampigia mzee, hapatikani. Thelathini na moja. Nikahesabu mara ya pili kwa masikio, kwenye hedifoni, nikiweka punje ya kahawa mfukoni kwa kila krrrsh, dakika nzima. Zilikuwa thelathini na tatu. Barabarani hapakuwa na pikipiki hata moja. Nikampigia dada.

"Leo anaolewa nani?" ndivyo alivyopokea.

"Dada, panda."

"Juu yangu kuna jua."

"Huko chini huoni. Panda, tafadhali."

"Nimebakiza matuta mawili."

Thelathini na sita. Nilijua kwamba kwa maneno ya kawaida sitamtoa bondeni, nikafanya ninachokijua.

"Isiponyesha, nitakulimia siku mbili."

"Siku mbili ni za Jumamosi ile. Leo wiki."

"Siku nne."

"Wiki, na maharage nayavuna mimi, unayabeba wewe."

Arobaini na moja. Katika maisha yangu sijawahi kukubali bei ya pili ya mtu. "Wiki, na nabeba," nikasema. "Unatembea?"

"Natembea tangu uliposema siku nne," akajibu, na hapo ndipo niliposikia pumzi yake.

Nikaanza kuanua peke yangu. Majirani walitazama kutoka kwenye vizingiti vyao. Yule wa harusi akaniuliza kama maputo yapo. Nikamwambia anisaidie au akae kimya, akachagua kukaa, ila bila kunyamaza. Dada alifika, hakunisalimia, akainama upande wa pili wa jamvi. Tulifunga magunia, tukayaingiza ndani, tukafunika yaliyobaki kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe. Kisha tukasimama mlangoni. Jua liliendelea kuwaka. Kuku walikuwa wanadonoa punje zilizodondoka, na jirani bado ameyaacha maganda yake yote nje, amekaa, anamenya ndizi kwa raha zake.

"Jembe langu liko nyuma ya mlango," dada alisema.

Kutoka kwenye kibanda niliisikia kompyuta ikipiga kelele bila kupumzika.

Upepo ulikuja kwanza, wa baridi, ukageuza majani ya migomba yakawa meupe. Kisha kilima cha upande wa Kyerwa kikapotea, chote, kama mtu amekifunika. Jirani akaangusha kisu. Mvua ilipofika haikuanza kwa matone, ilianza katikati. Dada akatupa kanga begani, akakimbia, si ndani, bali kwa jirani, nami nyuma yake, tukaokoa jamvi moja kati ya matatu. Tulirudi tumelowa mpaka mifupani, na dada akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha magunia. Alizamisha mkono, akanusa kiganja. Akanipa na mimi ninuse. Harufu ya ganda kavu, tamu kidogo, na vumbi.

"Kavu," alisema, kama mtu anayetaja jina la mtoto.

Wiki iliyofuata ghala la chama lilipokea magunia yake saba. Mpokeaji alinusa kila moja, na dada anasema alitamani amnusishe na la nane, basi tu halikuwepo.

Sasa ninapoandika, mchumo wa mwisho bado uko juani, majamvi matatu ya dada na tisa ya majirani, na kila mtu anataka kupigiwa simu. Hapa ndipo nimekwama. Dada yuko nusu saa kutoka kwenye kahawa yake, anataka nimwite kwenye ishirini na tano, maana anasema heri apoteze jua kuliko gunia. Majirani wako mlangoni, wanataka arobaini na tano, maana kila nikiwaita mvua ikapitia kwingine wanapoteza mchana mzima wa kukausha, na vocha wanachangia wao. Kengele ya kompyuta ninayo moja. Nikiweka namba mbili, wakimwona dada anaanua nao wataanua, kisha watanidai jua lao. Nikiweka ya majirani, dada atafika amechelewa. Nimeshahesabu mara mbili, na majibu ni mawili. Wewe unayesoma, ambaye huna kahawa nje wala dada bondeni, niambie kwa haki: ungeweka namba gani?